Miche ya Mauwa Iliyofia Sebuleni

Mtoto wa Rosalia aliingia wiki ya pili duniani bila bibi yake mzaa baba kumtazama usoni. Kumbeba alimbeba, kumwogesha alimwogesha, lakini kabla ya kumpokea alikuwa anavuta upande wa kanga mpaka chini ya pua, kisha anafanya kazi yote kwa kupapasa. Ukimuuliza, anasema macho yanamuuma. Mtaa mzima pale Chamazi ulijua kuwa macho hayamuumi. Mauwa alikuwa anaogopa asije akamuua mjukuu wake kwa kumtazama. Na aliyemtia hofu hiyo ni wifi yangu Chausiku, kwa ajili ya miche ya pilipili.

Nasema "wifi yangu" kwa sauti ndogo. Chausiku, ambaye majirani humwita Mama Najat, ameolewa na kaka yangu Suleiman, na aibu ya mke wa kaka yako huwezi kuitua mlangoni kwa jirani ukaenda zako. Mie Raudha kwangu ni Mbweni, lakini mwaka huo nyumba yetu ilikuwa inaezuliwa na kupigwa bati upya, nikahamia kwa kaka kwa muda. Kwa hiyo sikuhadithiwa. Nilikuwepo, tena karibu kuliko nilivyotaka.

Chausiku ni mwenyeji wa upande ule, wazee wake walikaa Mbagala tangu ni mikorosho mitupu. Kilichompa jina ni kuotesha miche ya pilipili ndani ya nyumba. Nje haiwezekani. Kuku wa watu pale hawana adabu, konokono wanakula usiku, na jua la saa saba halina mswalie Mtume. Basi yeye vitalu vyake viko sebuleni. Udongo anauchekecha kwa chekeche la unga, anaukaanga kwenye sufuria kuukuu mpaka wadudu wasalimu amri. Mbegu anazilaza kwenye maji ya uvuguvugu, anazifunga kitambaani, anazibandika nyuma ya friji pale penye joto. Zikichomoza kijimkia cheupe ndipo anazihamishia kwenye trei, juu ya kabati la televisheni, chini ya dirisha la mashariki.

Hapo sasa ndipo utamwona. Kila asubuhi anazigeuza trei, maana mche ukiachwa ufuate mwanga unarefuka shingo na hauna nguvu. Akimaliza anaipitishia kiganja juu juu, kama anampapasa mtoto kichwani, eti shina lizoee kusukumwa na upepo. Maji hamwagii juu hata siku moja. Anayatia kwenye sinia chini ya trei, mche unywe wenyewe kwa mizizi, la sivyo shina linaoza pale linapotokea ardhini. Kaka yangu alikuwa anatazama mpira kwa kuchungulia katikati ya majani, na akilalamika anaambiwa ahamie uwanjani, si uko hapo hapo Chamazi. Mie nilikuwa namtania kaka kuwa ameoa bwana shamba.

Lakini kazi yake ilionekana. Watu walitoka mpaka Kimbiji kuja kuchukua miche kwake, na wote walisema mama yule ana mkono. Sifa zikamlevya, sitaki kusema uongo. Akawa mtu wa kusema mche wake haujawahi kufa, kama vile yeye ndiye anayegawa uhai.

Nyumba ya pili, ukivuka ua wa michongoma, ndiko anakokaa Mauwa, ambaye wengi tunamwita Mama Valerian. Ni Mmakonde wa Newala, mtu wa kanisani, mjane wa mchonga vinyago, mpole mpaka wakati mwingine unatamani umtikise. Alizaa watoto watatu. Wawili aliwazika wangali wachanga, akabaki na Valerian peke yake, ambaye siku hizi ni dereva wa malori na haonekani nyumbani ila kwa nadra.

Mama yake Mauwa alipofariki huko Newala, Mauwa alirudi kutoka msibani na pilipili kavu chache alizozifunga kwenye pindo la kanga. Pilipili zenyewe ndogo, zikiwa changa nyeupe, zikiiva nyekundu, na marehemu alizipanda nyuma ya jiko lake maisha yake yote. Sokoni hapa hazipo. Mauwa akaja nazo kwa Chausiku akamwomba amwoteshee, maana kwake kuku wangezimaliza, na yeye mwenyewe hana mkono huo. Alimpa karibu mbegu zote. Alisema akizila zile pilipili anamsikia mama yake anakohoa jikoni. Chausiku akazipokea kwa mikono miwili.

Mwaka huo vuli ilichelewa. Maji ya bomba, ambayo Chamazi huja yanapojisikia, yakakatika kabisa, na muuza maji wa guta la matairi matatu akaanza kuchagua wateja. Watu wakarudi kwenye kisima cha kuchimba cha mtaani, na kisima kile ni maji ya chumvi. Siku ya kwanza nilipopewa chai ya maji yale niliitema. Wifi yangu alicheka mpaka akashika mbavu, akasema Mbweni kumeniharibu ulimi. Kaka naye kainywa yote, kaomba kikombe cha pili. Ndipo nilipojua kuwa watu hawa wameyanywa maji yale tangu wamejenga, chumvi hawaisikii tena. Ukiwaambia, wanakuona una maringo. Nikawa nachemsha chai yangu kwa maji ya chupa na kusemwa kila asubuhi.

Sikuuliza miche inanyweshwa nini. Nilidhani mtu mjuzi kama yule ameitengea maji matamu.

Ikawa siku Mauwa akaja kuitazama miche yake. Ilikuwa imeshatoa majani manne, mashina manene, kijani cha kukolea. Yule mama alisimama mbele ya kabati akasahau hata kuketi. Aliisifu, akaigusa mmoja mmoja kwa ncha ya kidole, akasema mama yake angeiona angetokwa na machozi. Sasa, kwetu sie watu wa pwani, ukisifia kitu cha mtu, kiwe mtoto, kiwe nyumba, kiwe shina la kunde, unatanguliza mashaallah. Usipotanguliza, jicho lako linabaki juu ya kile kitu. Mauwa hakukulia na neno hilo. Hakulisema. Chausiku akanikonyeza, nami nikajifanya sijaona.

Wiki haikuisha, ncha za majani zikaanza kuungua. Mche mmoja ukainama, wa pili ukafuata, na juu ya udongo kukatanda kitu cheupe kama unga. Wifi yangu alihangaika, msimfikirie vibaya. Aliisogeza mbali na dirisha, akairudisha, akafukiza ubani, akaiongezea maji. Kila akiongeza maji ndivyo ilivyozidi kunyauka. Akaniambia bibi yake aliwahi kumwonya kuwa kilichopigwa jicho hupauka, na hii imepauka mpaka udongo wake. Siku mche wa mwisho ulipolala alikuwa ameshamaliza kesi na kutoa hukumu.

Lau angekaa nayo moyoni. Lakini mdomo wa Chausiku hauna breki. Alimkuta Mauwa kwenye foleni ya kisimani, wanawake wamejaa na ndoo zao, akamwambia mbele yao wote kuwa miche ameiua mwenyewe kwa macho yake, na ndani kwake asikanyage tena. Hayo peke yake yangetosha. Hasira ikimpanda haijui pa kukomea, akaongeza la pili.

"Na wale watoto wako wawili, uliwatazamaje?"

Mie nilikuwa nyuma yake na ndoo kichwani, nikatamani maji yanimwagikie nipate sababu ya kukimbia. Mauwa hakubisha. Hakulia wala hakutukana. Alitua ndoo yake chini, akauliza kama jicho la namna hiyo lina dawa. Wanawake wakainamia ndoo zao. Akaondoka na ndoo tupu.

Baada ya hapo alianza kutembea ameinamisha kichwa. Watoto wa watu wakipita anageukia ukutani. Rosalia, mkewe Valerian, alipojifungua mtoto wa kiume, Mauwa alipiga vigelegele kutoka nje ya chumba, na alipoingia alikuwa ameshajifunika kanga usoni. Mtu aliyezika vichanga wawili hahitaji ushahidi mwingi kumwaminisha kuwa kosa lilikuwa lake. Alikuwa ameshajiuliza kwa miaka mingi, na wifi yangu ndiye aliyempa jibu.

Mtoto hajakatika kitovu, nikaamua kufanya usafi pale sebuleni, maana zile trei za miche mikavu zilikuwa bado juu ya kabati kama tanga la msiba lisiloanuliwa. Nikazitoa uani. Jua likapiga ule unga, ukametameta. Nikasema hebu niuone huo mpauko wa jicho. Nikachovya kidole, nikalamba.

Ilikuwa chumvi. Chumvi ile ile niliyoitema kwenye chai.

Nikamwita wifi, nikamuuliza miche alikuwa anainywesha maji gani. Akajibu bila wasiwasi kuwa ni maji hayo hayo wanayokunywa watu, mbona yeye hajafa. Nikamwambia alambe. Akalamba, akasema vumbi tu. Basi nikamkumbusha mchicha uliopandwa pale kisimani ukaungua, nikamkumbusha kuwa ukiacha minazi hakuna kinachoota penye maji yale, na kwamba yeye alikuwa anayatia chini kwenye sinia, maji yanapanda, yanakauka, chumvi inabaki juu. Alianza kunibishia. Katikati ya ubishi akasimama. Nadhani alikumbuka jinsi ilivyokuwa ikinyauka zaidi kila alipoiongezea maji. Uso ulimshuka, akakaa chini pale pale uani, miguu mbele, kama mgonjwa.

Nimemjua Chausiku miaka mingi. Nimemwona na hasira, nimemwona na msiba, sijawahi kumwona na haya. Siku ile nilimwona. Alishika trei akaanza kuupangusa ule weupe kwa upande wa kanga, kama ukiondoka na yale maneno yataondoka. Akaniomba nisimwambie mtu. Akasema aibu ya maiti aijuaye mwosha, na mie ndiye mwosha wake. Nikamjibu kuwa maiti hafichiwi aibu huku mtu mwingine anazikwa hai.

Hakwenda. Alisema ataenda kesho, ikaja kesho akasema kichwa kinamuuma. Waliokuja kutafuta miche aliwaambia ameacha. Akienda kisimani alikuwa anazunguka kwa nyuma ya nyumba ili asipite mlango wa Mauwa, na ushungi ameushusha mpaka kwenye nyusi. Usiku nilimsikia akimgombeza kaka yangu kwa vitu visivyo na kichwa wala miguu. Mwisho akaniambia ataenda mtoto akitimiza arobaini, siku ya furaha, watu wamechangamka. Hapo nami uvumilivu uliniisha. Nikamwambia anataka mtoto afike arobaini bibi yake hajui ana pua ya namna gani, ili yeye asionekane mjinga mbele ya wanawake wenye ndoo. Niligombana na mtu aliyekuwa ameshajigombeza zaidi yangu.

Aliyemwondoa alipokaa ni Rosalia. Alikuja asubuhi moja, mtoto amemwacha amelala, macho mekundu. Alisema mama mkwe hamtaki mtoto. Habari ya jicho aliisikia, akaiona ni kisingizio. Yeye aliona wazi kuwa Mauwa hamtazami mtoto kwa sababu anashuku si wa Valerian. Alikuwa amefunga mizigo, na Jumapili kaka yake angekuja kumchukua. Alikuja kuaga tu, maana Chausiku alimtunza vizuri wakati wa mimba. Alimshukuru. Kila neno la shukrani lilimwingia wifi yangu kama mwiba wa mchongoma.

Rosalia alipotoka, Chausiku alijifunga kanga, akachukua trei moja yenye ule unga, akasema twende. Nikamfuata.

Tulimkuta Mauwa amempakata mtoto, kanga usoni. Alitukaribisha vizuri, akaomba radhi kuwa hawezi kutuangalia. Chausiku hakuketi kitini, aliketi kwenye mkeka. Akamsogezea trei, akamwomba achovye kidole alambe, akasema atajua mwenyewe. Mauwa akachovya, akalamba, akangoja. Kisha akasema ni udongo.

Nikaona wifi yangu anatapatapa. Ushahidi wetu wote ulikuwa kwenye ulimi, na ulimi wa Mauwa nao ulikuwa umenyweshwa Chamazi kwa miaka. Alikuwa amekuja akitumaini chumvi itamsemea. Sasa ikabidi aseme mwenyewe.

"Mama Valerian, miche niliiua mie," alisema. "Niliinywesha maji ya kisima. Jicho lako halina kitu. Na lile la watoto wako halikuwa la kusemwa na binadamu."

Mtoto alipiga chafya, Mauwa akamweka vizuri kwa kupapasa. Kisha akauliza lile swali nililokuwa naliogopa.

"Umejua lini?"

Chausiku angeweza kusema jana. Mie nisingemsuta, nakiri. Akainama mpaka paji la uso likakaribia mkeka, akajibu kuwa alijua mtoto hajakatika kitovu.

"Kwa hiyo siku zote hizi," Mauwa alisema, "nilikuwa naweza kumtazama."

Hakusema kwa hasira. Angesema kwa hasira tungepumua. Alisema kama mtu anayeuliza njia, na wifi yangu akaanza kulia kwa sauti, kilio cha mtoto, kamasi na kila kitu. Rosalia akasimama mlangoni kusikiliza kuna nini.

Mauwa akamnyanyua mtoto akamnyooshea Chausiku, akamwambia kama kweli jicho halina kitu, basi aanze yeye, amtazame mbele yake. Chausiku akampokea. Akamshika vizuri, mwenyewe ameinamisha kichwa, macho amefumba. Tulingoja. Hakuweza. Nikaelewa kuwa si jicho alilokuwa analiogopa. Wamesema uso umeumbwa na haya, na yule mtoto alikuwa uso wa Mauwa mtupu. Mauwa alipoona hivyo, akajifunua kanga mwenyewe, akainama juu ya mikono ya wifi yangu, akamtazama mjukuu wake kwa muda mrefu sana. Akasema ana masikio ya marehemu mama yake. Rosalia pale mlangoni akakaa kizingitini, na Jumapili kaka yake alipokuja alikula chakula akarudi peke yake.

Kisimani Chausiku alienda kusema mwenyewe, mbele ya foleni ile ile. Wapo waliocheka, wapo waliomzomea. Alisimama mpaka wakamaliza, kisha akajaza ndoo yake.

Mvua zilipokuja, Mauwa alikinga maji ya bati. Akaja kwetu amebeba dumu la maji hayo na mtoto mgongoni, akafungua pindo la kanga, akatoa mbegu alizokuwa amebakiza. Akazimwaga kwenye kiganja cha Chausiku bila maneno mengi, akasema hizi ndizo za mwisho. Mie ningekuwa Mauwa nisingempa. Wifi yangu alizipokea, na siku hiyo hakula.

Imeota. Mashina manene, kijani cha kukolea, iko juu ya kabati na kaka yangu amerudi kuchungulia mpira katikati ya majani. Chausiku alimwomba Mauwa aje kuitazama kila siku, aisifu atakavyo, na Mauwa anakuja kila asubuhi na mjukuu mgongoni. Mche haujalala hata mmoja. Yeye anaitazama miche, na wifi yangu anatazama sinia, jagi mkononi, hanyanyui macho.

Juzi mtoto alinyoosha mkono kutoka mgongoni akamshika Chausiku ushungi. Mauwa hakumwondoa.

"Mama Najat," alisema, "mtoto anakuangalia."

Chausiku akaendelea kutia maji kwenye sinia lililokwisha kujaa, mpaka yakamwagika juu ya televisheni ya kaka yangu.